Umenunua shangingi lililotumika? Anza na breki, mkonga usubiri

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

KATIKA bonde la Kilombero, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne si pambo la kuegeshwa mbele ya nyumba. Katika vijiji kama Michenga, mvua zikikolea, gari la aina hiyo ndilo linalobeba mpunga kwenda mashineni, ndilo linalomfikisha mwalimu kituoni kwake, na ndilo linalomkimbiza mjamzito hospitalini Ifakara usiku wa manane.

Kwa sababu hiyo, kosa la mtu aliyenunua gari lililotumika halimwumizi yeye peke yake. Gari likizima katikati ya maji au breki zikikataa mteremkoni, wanaoumia ni wote waliomo ndani, pamoja na wale wanaolisubiri.

Kosa lenyewe linafahamika kwa mafundi wengi. Mnunuzi analipia gari, anabaki na fedha kidogo, na fedha hizo anazipeleka kwenye vitu vinavyoonekana: bomba la kupandishia hewa ambalo wengi huliita mkonga, taa kubwa za juu, bampa la chuma na matairi mapana. Oili iliyomo kwenye difu anaiacha ileile iliyokuja na gari. Mpira wa breki uliochakaa hauonekani barabarani, kwa hiyo hauhesabiwi.

Makala haya yanaeleza mambo ya kufanya baada ya kununua gari la aina hiyo, kwa utaratibu unaoanza na yale yanayookoa maisha na kumalizia na yale yanayoongeza uwezo.

Lami imefika, matope hayajaondoka

Mazingira ya Kilombero yamebadilika katika miaka ya karibuni. Daraja la Magufuli lenye urefu wa meta 384 lilifunguliwa mwaka 2018 na kumaliza enzi ya kuvuka Mto Kilombero kwa kivuko kati ya Ifakara na upande wa Ulanga na Malinyi. Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa takriban kilomita 67, ilizinduliwa mwaka 2024.

Hata hivyo, ukiiacha lami kuelekea mashambani unaingia katika ardhi oevu ambayo tangu mwaka 2002 imo katika orodha ya kimataifa ya Mkataba wa Ramsar. Udongo wake mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na kugeuka utelezi mzito wakati wa mvua. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwakumbusha wakazi wa Ifakara kwamba maji hayana mpaka na mji.

Maana yake kwa mwenye gari ni moja. Gari lilelile hutakiwa kwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa juu ya lami asubuhi, kisha kujivuta katika matope mchana. Lami inadai breki, usukani na matairi mazima. Matope yanadai mfumo wa magurudumu manne ulio hai. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya upande mmoja tu litakuangusha katika upande wa pili.

Nyaraka kabla ya spana

Kabla ya kufungua boneti, hakikisha gari ni lako kisheria. Linganisha namba ya chesisi na ya injini zilizogongwa kwenye chuma na zile zilizo kwenye kadi ya gari, kisha kamilisha uhamisho wa umiliki katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Gari likibaki kwa jina la mwenye zamani, faini zake na mashauri yake yanaweza kukufuata barabarani.

Aidha, tumia namba ya usajili kuangalia kama gari linadaiwa faini za usalama barabarani, na uhakiki kuwa bima uliyopewa ni halali. Ukibadili rangi au injini baadaye, kumbuka kwamba taarifa za kadi nazo zinapaswa kubadilishwa.

Soma umri wa gari, usisome kilomita pekee

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japani. Huko gari binafsi hukaguliwa kwa lazima likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo ni miongoni mwa sababu zinazowafanya Wajapani wauze magari ambayo bado yana nguvu. Hilo ni jambo jema kwa mnunuzi wa Tanzania, lakini namba iliyo kwenye dashibodi inaweza kuwa imerudishwa nyuma na mtu yeyote njiani.

Tafuta ushahidi mwingine. Kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti mara nyingi huwa na kibandiko cha gereji ya Japani chenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho kubadilishwa oili au mkanda wa taiming. Mwaka unaweza kuandikwa kwa kalenda ya wafalme wao. Mwaka wa 25 wa Heisei ni 2013, na mwaka wa 3 wa Reiwa ni 2021. Kibandiko kikitaja kilomita nyingi kuliko zinazoonekana kwenye dashibodi, jibu umelipata.

Lala chini ya gari ukiwa na tochi. Gari lililotoka katika maeneo ya theluji, kama kisiwa cha Hokkaido, huenda limeendeshwa miaka mingi juu ya barabara zilizomwagwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula chesisi, mabomba ya breki na vishikio vya springi. Rangi nyeusi iliyopakwa upya chini ya gari si uthibitisho wa uzima. Gonga chuma kwa bisibisi. Kikibonyea au kikimeguka, tafuta fundi wa kuchomelea kabla ya kutafuta fundi wa mapambo.

Badili vimiminika vyote

Kanuni ya kwanza ya kiufundi ni rahisi: chukulia kwamba hakuna kilichobadilishwa, hata kama muuzaji ameapa. Mwaga na weka upya oili ya injini, ya gia boksi, ya boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, na ya difu zote mbili. Badili pia mafuta ya breki, ya klachi na ya usukani, pamoja na kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini.

Kazi hii ina faida mbili. Ya kwanza ni kwamba unaanza hesabu yako mwenyewe ya kilomita. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kwamba oili inayotoka ni barua kutoka kwa mwenye gari wa zamani. Oili ya difu yenye rangi ya chai ya maziwa inasema kwamba maji yaliingia. Chembe laini kama unga wa fedha kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia yanayomeguka. Oili ya gia boksi ya otomatiki inapaswa kuwa nyekundu na angavu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, pata ushauri wa fundi kabla ya safari ndefu.

Difu nyingi za Toyota hutumia oili namba 90 ya daraja la GL-5, lakini difu yenye mfumo wa kuzuia gurudumu moja kuzunguka peke yake huhitaji oili yake maalumu. Fuata kitabu cha gari. Kwa injini ya dizeli inayofanya kazi katika vumbi na matope, kubadili oili na filta kila kilomita 5,000 ni utaratibu wa busara. Ikiwa oili ya kwanza ilitoka nzito kama lami, badili tena baada ya kilomita 1,000 hadi 2,000 ili kuondoa uchafu uliolegea.

Filta ya hewa na ya dizeli zisipuuzwe. Vumbi la kiangazi hupita kwenye filta iliyochanika na kusaga silinda kama msasa. Nayo dizeli iliyouzwa kwenye madumu vijijini mara nyingi huwa na maji. Injini nyingi za dizeli zina chujio lenye kiloki cha chini cha kutolea maji hayo. Mwombe fundi akuonyeshe kilipo, ukifungue mwenyewe mara kwa mara. Pampu na nozeli ni vitu vya gharama kubwa, na adui yao mkuu ni tone la maji.

Nunua filta na oili katika duka linalotoa risiti, kwa kuwa bidhaa bandia zipo sokoni. Filta bandia inaweza kufanana na halisi kwa rangi na kasha, huku karatasi iliyomo ndani ikiwa haichuji kitu.

Mkanda wa taiming na joto la injini

Kuna vitu viwili vinavyoweza kuua injini nzima kwa dakika moja: mkanda wa taiming ukikatika, na injini ikichemka.

Injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita ambayo Toyota iliitoa mwaka 1990 na kuifunga katika Land Cruiser nyingi zinazotumika Afrika, hutumia mkanda na si mnyororo. Vivyo hivyo injini ya 1KZ ya lita 3.0 iliyofungwa katika Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, pistoni hugonga valvu, na gharama yake yaweza kukaribia ya kununua injini nyingine.

Toyota nyingi za soko la Japani zenye injini hizo zina taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka kila zinapotimia kilomita 100,000. Taa hiyo hufuata hesabu ya dashibodi. Kama hesabu imerudishwa nyuma, na taa nayo itadanganya. Usipokuwa na ushahidi wa maandishi kwamba mkanda ulibadilishwa, ubadili pamoja na beringi yake ya kukaza, na ukague pampu ya maji papo hapo kwa kuwa fundi tayari amefika eneo hilo.

Kuhusu joto, injini ya 1KZ inajulikana kwa silinda hedi kupasuka ikichemka. Kwa hiyo rejeta, themostati, feni na mipira ya maji vikaguliwe vyote. Katika bonde la Kilombero kuna adui wa ziada, nazo ni mbegu za nyasi. Gari likipita kwenye njia zilizofunikwa na majani marefu, mbegu huziba matundu ya rejeta kwa nje na hewa haipiti. Zioshe kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje. Chungulia pia juu ya bomba la moshi, kwa kuwa majani makavu yaliyonaswa hapo yanaweza kuwaka na kuteketeza gari.

Usijaze rejeta maji ya mtoni isipokuwa kwa dharura, na hata hapo yamwage mara ufikapo. Maji hayo huacha kutu na magadi ndani ya mishipa myembamba ya rejeta.

Breki, usukani na beringi

Mtu anayeshuka kutoka milima ya Mahenge akiwa na mzigo anajua jinsi pedali ya breki inavyoweza kubadilika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Breki zikipata joto mteremkoni, maji yaliyomo huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga na mguu unazama hadi chini. Ndiyo maana mafuta hayo hubadilishwa takriban kila miaka miwili, hata kama pedi bado ni nene.

Vua magurudumu yote manne. Pima pedi na brekishu, tazama mabomba ya chuma kama yana kutu, na pinda mipira ya breki uone kama imepasuka. Silinda ndogo za magurudumu ya nyuma zikivuja, usizipake gundi, zibadilishwe. Hakikisha breki ya mkono inalishika gari kwenye mwinuko.

Magurudumu yakiwa yamevuliwa, beringi zioshwe, zikaguliwe na kujazwa grisi mpya. Kwa Land Cruiser zenye ekseli moja nzima mbele, angalia duara la chuma nyuma ya gurudumu. Likilowa mchanganyiko wa oili na grisi, sili ya ndani imekufa na matope yana njia ya kuingia. Tikisa tairi kwa mikono miwili kupima boljoint na tairodi. Bushi zilizokufa hulifanya gari liyumbe kwenye lami, na dereva mgeni hudhani ni upepo.

Matairi

Kila tairi lina namba nne za kuzaliwa zinazofuata herufi DOT. Namba 2319 ina maana kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye umri zaidi ya miaka sita likaguliwe kwa makini hata kama kashata zake bado ni ndefu, kwa kuwa mpira huzeeka kwa jua na joto. Kagua na la akiba. Mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote.

Kwa mtu anayegawa safari zake kati ya lami na udongo, tairi la matumizi mchanganyiko, lenye alama A/T, linafaa zaidi. Tairi la matope, lenye alama M/T, hujisafisha vizuri katika udongo wa mbuga, lakini huwa na kelele, na mengi hushika kidogo zaidi kwenye lami iliyolowa. Achague M/T yule ambaye siku zake nyingi zimo shambani.

Tamaa ya matairi makubwa ina hesabu yake. Ukitoka saizi 265/70R16 kwenda 285/75R16, kipenyo huongezeka kwa takriban asilimia 7. Kuanzia hapo, mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 86. Mahali penye kikomo cha 50, dereva anayeamini mshale anakuwa amekwishavunja sheria. Breki nazo zinasimamisha gurudumu zito zaidi, na gari linakuwa refu na rahisi kupinduka.

Upepo wa tairi ni maboresho yasiyo na gharama. Kwenye lami fuata kibao kilichobandikwa mlangoni. Ukiingia kwenye matope mazito unaweza kushusha hadi kati ya 20 na 25, ili tairi lijitandaze. Punguza mwendo na usikate kona kwa ghafla, kisha rudisha upepo kabla ya kurudi kwenye lami. Kwa hiyo pampu ndogo ya umeme ni kifaa cha kwanza kununua, kabla ya taa yoyote.

Amsha magurudumu ya mbele

Magari mengi ya aina hii huishi mjini miaka mingi bila gia ya magurudumu manne kuguswa. Siku ya kuihitaji inakuwa imeganda. Mara baada ya kununua, nenda kwenye barabara ya udongo, ingiza H4, kisha simama na uingize L4. Sikiliza milio na uhakikishe kuwa magurudumu ya mbele yanavuta kweli. Kama gari lina kufuli za mkono kwenye vikombe vya magurudumu, zifungue zioshwe na kupakwa grisi.

Kwa gari ambalo magurudumu ya mbele huunganishwa kwa hiari ya dereva, Toyota hushauri kuyatumia angalau kilomita 16 kila mwezi ili oili izunguke. Usifanye hivyo kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na juu ya lami mkazo huo hauna pa kutokea isipokuwa kwenye gia.

Sasa zamu ya maboresho

Baada ya hayo yote, fedha iliyobaki ndiyo ya maboresho. Ya kwanza ni ya bei ndogo na wachache huijua: kuinua vipumulio vya difu na gia boksi. Difu ikiwa ya moto na ikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Mpira mwembamba unaopandisha kipumulio hadi ndani ya boneti huzuia hilo. Hapo ndipo oili ya rangi ya chai ya maziwa inapokomeshwa.

Ya pili ni springi na shokapu. Mzigo wa mpunga hulaza springi zilizochoka, na kuongeza jani moja au mawili kunaweza kutosha. Hata hivyo, springi iliyoongezwa bila shokapu inayolingana nayo hulirusha gari, na uzito unaoruhusiwa na mtengenezaji haubadiliki kwa sababu umeongeza jani.

Ya tatu ndiyo mkonga. Kazi yake ni kuipa injini hewa kutoka juu, mbali na maji na vumbi zito. Maji yakiingia ndani ya silinda, pistoni haiwezi kuyakandamiza kama inavyokandamiza hewa, na konrodi hupinda palepale. Mkonga huzuia hilo iwapo tu kila kiungo kuanzia juu hadi kwenye filta kimezibwa barabara. Mkonga uliopachikwa nje huku boksi la filta likiwa na nyufa ni urembo.

Isitoshe, mkonga hauongezi kimo cha gari. Prado ya mfululizo wa 150, kwa mfano, imepewa na mtengenezaji kina cha maji cha sentimeta 70. Alteneta, stata na nyaya bado ziko palepale zilipokuwa. La muhimu zaidi, maji yanayokwenda kasi hayajali mkonga. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba maji yanayotembea yenye kina cha sentimeta 30 yanaweza kuchukua magari mengi madogo, na ya sentimeta 60 yanaweza kuchukua magari mengi, makubwa yakiwamo. Sentimeta 60 haizidi sana goti la mtu mzima.

Kwa hiyo kabla ya kuvuka, shuka. Tazama kasi ya maji na pima kina kwa fimbo ukiwa pembeni. Waulize wenyeji njia ilipo, kwa kuwa mafuriko huhamisha kingo za barabara. Kama hungethubutu kuvuka kwa miguu, usivuke kwa gari. Mgonjwa akiwa ndani, uamuzi huu huwa mgumu zaidi, lakini gari lililosombwa halifiki hospitalini. Gari likizima majini, usijaribu kuwasha tena; livutwe nje na injini ikaguliwe kwanza.

Winchi na bampa la chuma vije mwisho. Vyote viwili huongeza uzito mbele na hudai springi imara na betri yenye afya. Taa za ziada zifungwe na fundi umeme anayetumia rilei na fyuzi, maana nyaya zilizounganishwa kienyeji ni chanzo cha moto. Vimulimuli na ving'ora si vya gari binafsi.

Vifaa vya kubeba

Kabla ya masika, weka ndani ya gari koleo, panga, kamba imara ya kuvutia, shakeli mbili, jeki, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, pampu ya upepo, tochi, filta ya dizeli, fani belti na kulanti. Ule ubao ni muhimu: katika udongo wa mbuga, jeki bila ubao huzama yenyewe na gari hubaki palepale.

Kamba ifungwe kwenye ndoano zilizoshikwa na chesisi. Isifungwe kwenye kile kitufe cha duara cha kuvutia tela, kwa kuwa kikikatika hurushwa kama risasi. Watu wasimame mbali, nje ya mstari wa kamba, na dereva aliyekwama asiruhusu watoto kusogea kutazama.

Baada ya matope

Siku ya pili baada ya safari nzito ina kazi yake. Osha chini ya gari, hasa breki na rejeta, kwa kuwa udongo wa mbuga ukikauka hushika unyevu na kuozesha chuma. Piga grisi kwenye propela shafti. Kama difu zilizama majini, legeza nati ya kumwagia kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, nayo hutangulia kutoka.

Andika kila kitu kwenye daftari linalokaa ndani ya gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na aina ya oili. Siku utakapoliuza, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko bampa jipya.

Utaratibu kwa kifupi

Wiki ya kwanza: nyaraka, ukaguzi wa chini ya gari, vimiminika vyote, filta zote, breki na umri wa matairi.

Mwezi wa kwanza: mkanda wa taiming, mfumo wa kupoza injini, beringi, bushi, na majaribio ya H4 na L4.

Kabla ya masika: vipumulio, springi, vifaa vya kujikwamua, na mkonga kama fedha inaruhusu.

Kwa anayepanga kununua, ushauri ni kutomaliza fedha zote kwenye bei ya gari. Abakize angalau sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kazi hizi. Akishindwa kubakiza, basi atafute gari la bei ya chini kidogo lililo zima. Mlango utakaogongwa usiku wa mvua kule Michenga ni wa mwenye gari linalowaka, linalovuta na linalosimama, na anayegonga hatauliza lina mkonga au halina.